Siku Niliyokuwa Mjukuu wa Uongo Kamalondo

Nikubali mapema ili nisiwachoshe: ndiyo, mimi ndiye yule mtu aliyekaa juu ya jeneza la ofisa wa kazi, mchana kweupe, amevaa koti la marehemu na miwani ya marehemu, mbele ya waombolezaji waliojaa uani mpaka barabarani, akipiga kelele kwamba sanduku halinyanyuki hapa mpaka aletewe kuku. Sikuwa ndugu yake. Nilikuwa nimeonana naye mara tatu tu maishani, na nilichotaka kwake ni mhuri mmoja kwenye kadi yangu ya kazi.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana nikieleza ovyo watu hudhani nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na homa ya siku mbili, ile ndogo isiyokulaza kitandani ila inafanya sauti za watu zitoke mbali na ardhi iwe laini kidogo chini ya viatu, na nadhani homa hiyo ina sehemu yake katika mambo haya, ingawa si sehemu kubwa kama ninavyopenda kuamini.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikwenda Lubumbashi kusomea udaktari wa mifugo, nikakaa miaka sita, na nikamaliza wakati uleule ambapo nchi yenyewe, Zaire ya siku zile, ilikuwa inamalizika. Wanajeshi walikuwa wamepora mji. Bomba refu la kiwanda cha shaba, ambalo tangu nifike lilikuwa linatoa moshi usiku na mchana, lilikuwa limeacha kutoa moshi, na anga lilikuwa safi mno, safi kiasi cha kutia wasiwasi. Ilikuwa miezi ile ya joto kabla ya mvua, mijakaranda inapukutisha maua, na kwa kuwa wafagiaji hawakuwa wanalipwa, barabara nzima za katikati ya mji zilikuwa zambarau, unatembea juu ya maua bila kusikia hatua zako, unapita maduka yasiyo na milango, ndani hakuna kitu, halafu unamwona mzee mmoja amekaa katika duka tupu kwenye kiti, mikono magotini, kama anasubiri wateja. Nilikuwa napita pale kila asubuhi kutoka Makomeno nilikopanga chumba, na kila asubuhi nilikuwa na hisia kwamba mji unaota na mimi ni mmoja wa watu wanaootwa.

Katika hali hiyo mimi nilikuwa natafuta kibali cha kufanya kazi kihalali. Rafiki yangu Ilunga, tuliyesoma naye, alicheka mpaka akakaa chini.

“Inchi inaanguka, na weye unatafuta ruhusa ya kutumika?” aliniuliza (kutumika kwao ni kufanya kazi). “Leta yenyewe haina ata buro. Itakufukuza na nini?”

Leta ndiyo serikali. Buro ni ofisi. Nilimwambia tu kuhusu kaka yangu mkubwa, aliyefanya kazi ugenini miaka minne bila karatasi, akakamatwa sokoni, akarudishwa nyumbani na kiatu kimoja. Kiatu cha pili hatukujua kilibaki wapi, naye hakupenda kuulizwa. Mimi nilitaka kurudi Kigoma siku yoyote nitakayotaka mwenyewe, kwa mlango, na viatu viwili.

Na kazi yenyewe ilikuwepo. Mama Kahindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwanamke mpole wa sauti lakini asiyerudia neno, alikuwa ameanza kuingiza ng'ombe kutoka Zambia kupitia Mokambo, na pale mpakani walitaka daktari wa kuwakagua na kutia saini, daktari mwenye kadi.

“Docta,” aliniambia, “mimi niko muntu wa kanisa, sitaki mambo ya kujificha. Lori linaenda Mokambo siku ya posho asubuhi. Ukiwa na kadi, panda. Ukikosa, nitachukua ule mwingine, na hautanikasirikia.”

Siku ya posho ni Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo, angalieni jinsi mambo yanavyopenda kukutana, ndiyo siku ambayo kibali changu cha kukaa kama mwanafunzi kilikuwa kinaisha. Baada ya hapo ningekuwa mgeni asiye mwanafunzi na asiye mfanyakazi, yaani kaka yangu.

Ofisa aliyeshika mambo hayo alikuwa Papa Anselme. Ofisi yake ilikuwa imeporwa mpaka fremu za madirisha, kwa hiyo alikuwa anakaa juu ya rundo la madaftari makubwa ya zamani ambayo wezi hawakuyaona kuwa na thamani, na upepo ulipokuwa unaingia alikuwa anashika karatasi kwa kiwiko huku anaandika. Alikuwa mtu wa adabu sana. Mara ya kwanza alisoma dosie yangu, faili la karatasi zangu, ukurasa kwa ukurasa, akaniambia: “Kuya kesho,” yaani njoo kesho. Mara ya pili alisoma tena, akaniambia: “Kuya kesho.” Mara ya tatu, siku ya Jumatano, alichukua kalamu akasaini kadi yangu, saini ndefu yenye mkia, akaandika tarehe. Nilitaka kumkumbatia. Akainua kidole.

“Polepole, Docta. Kashe haiko hapa. Tangu wapore, siiache hapa, iko mu koti yangu. Na koti iko ku nyumba, mama anashona kifungo. Kuya siku ya tano.”

Kashe ndio mhuri. Siku ya tano ni Ijumaa. Nikaenda Ijumaa, homa yangu na mimi, nikakuta rundo la madaftari lipo na Papa Anselme hayupo. Mlinzi, ambaye sijui alikuwa analinda nini, aliniambia bila kuinuka: “Alikufa jana. Moyo. Kilio iko Kamalondo. Banamuzika leo saa tisa.”

Niseme ukweli, kitu cha kwanza kuja kichwani hakikuwa huzuni. Kilikuwa kile kifungo. Nilijiuliza kama mkewe alikuwa amemaliza kukishona.

Nikaenda Kamalondo kwa miguu. Mpango wangu ulikuwa wa heshima: kutoa pole, kukaa saa moja na wanaume, halafu kumwomba mtu mzima wa ukoo, kwa sauti ya chini, aniangalizie mfukoni. Mafundi cherehani wa barabara ile walikuwa wamesimamisha kazi, baa imezima redio, na nyimbo za akina mama zilikuwa zinakuja kwa mawimbi juu ya mabati, zinapanda na kushuka, mpaka nikahisi kwamba sitembei, nabebwa. Lakini wanaume wa nje walikuwa wengi na walikuwa mbali na nyumba, wamekaa kwenye viti chini ya turubai, na mlango wa ua ulikuwa unalindwa na mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, jina lake nililijua baadaye, Mado. Ndani walikuwa wanaingia ndugu tu.

“Uko nani wa marehemu?” akaniuliza.

Hapo ndipo penyewe. Ningesema “mtu wa dosie” ningekaa nje na wengine, na leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini saa ilikuwa imefika saba na nusu, na mimi nikafikiria haraka (haraka ya mtu mwenye homa) ni ndugu gani ambaye hana kazi msibani, ambaye hakuna anayemuuliza kitu, na nikasema: “Mjukuu.”

Mnielewe. Kwetu, msibani, anayefanya vituko ni mtani. Mtani ndiye anayeiga marehemu, anayevaa nguo zake, anayechekesha watu ili wasizame. Mjukuu hukaa kimya akalia na kubeba maji. Nilikaa Lubumbashi miaka sita, nimepasua ng'ombe na mbuzi na farasi mmoja, na sikuwahi kuingia ndani ya kilio hata mara moja, kwa hiyo sikujua kwamba huku kazi hiyo yote ni ya mjukuu. Mjukuu ndiye bwana wa msiba. Anafanya atakalo, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

“Mujukulu wa upande gani?” Mado akauliza. “Miye najuaka bajukulu yote.”

“Wa ng'ambo ya ziwa,” nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli kuhusu ziwa.

Mado akaweka mikono kichwani. “Mama weee! Mujukulu ya Papa Mateo anafika! Ku Kigoma! Kuya, kuya, muone!”

Papa Mateo, kumbe, alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Ukoo wao ni wa kaskazini ya Katanga, watu wa reli tangu babu, na Mateo alikuwa akifanya kazi kule reli inakofika ziwani, akavuka kwenda Kigoma wakati wa fujo za zamani, hakuandika tena. Walikuwa wamemngoja miaka mingi, na sasa, siku ya kumzika mdogo wake, mlangoni amesimama mjukuu wake na faili kwapani.

Nilitaka kusema kitu. Nakumbuka kabisa mdomo ulifunguka. Lakini tayari nilikuwa nimeshikwa mkono na kupelekwa ndani, akina mama wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao mjane, Mama Serafina, macho yamevimba, akanivuta nikapiga magoti mbele yake.

“Karibia nikuangalie,” akasema. Akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga. “Pua njo ya Mateo. Angalieni. Pua njo yake kabisa.”

(Pua yangu ni ya mama yangu, na mama yangu anatoka kijiji kilicho mbali na ziwa kiasi kwamba hakuwahi kulipenda.) Wale wamama wakaiangalia pua yangu, wakakubali, wakaanza kulia upya, na mimi nikalia nao, na sikuigiza.

Halafu Mado akapiga makofi. “Inatosha! Bajukulu bako wapi? Mutu wa ku Kigoma anafanya safari, apewe kazi yake!”

Wakaja vijana watano sita, mmoja amevaa suruali ya marehemu imeviringwa mpaka magotini, mwingine kofia yake. Nikavishwa miwani, dunia ikawa na ukungu. Halafu Mado akachomoa koti kwenye msumari ukutani, koti la kijivu, akanivalisha kama mtoto wa shule, akafunga kifungo cha mbele. Kilikuwa kimeshonwa vizuri. Na upande wa kushoto wa koti ulikuwa mzito.

Wakanibeba. Sikutembea kwenda uani, nilibebwa, nikawekwa juu ya jeneza, nalo lilikuwa juu ya viti viwili tayari kwa kutoka, mlango wa ua sasa umefunguliwa na watu wa nje wameingia, na Mado akanisukuma begani: “Sema! Sanduku haiondoke bila nini?”

“Bila kuku,” nikasema.

“Haasikie ule wa nyuma!”

“BILA KUKU!”

Wakalipuka kwa kicheko. Kicheko kile kilinifikia kama maji ya uvuguvugu. Kwa siku nyingi nilikuwa sijasikia watu wengi wakicheka pamoja katika mji ule, na sioni aibu kusema kwamba kilinilewesha.

“Sasa umufanye!” wakapiga kelele. “Umufanye Papa Anselme!”

Mimi nilimjua Papa Anselme mmoja tu, yule wa rundo la madaftari. Nikashusha miwani puani. Nikafungua faili langu, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, nimebana karatasi kwa kiwiko kuzuia upepo. Nikainua kidole. “Kuya kesho,” nikasema.

Jamani. Kuna mzee alianguka na kiti. Nusu ya watu waliokuwa pale, nadhani, walikuwa wamewahi kuambiwa neno lile na mtu yule, na walikuwa wanapiga magoti yao na kufuta macho, hata Mama Serafina, aliyetolewa nje kuja kuona, alifunika mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika. “Ni yeye!” anasema. “Ni yeye kabisa!” Na mimi, kwa kuwa walikuwa wanacheka, nikaingiza mkono mfukoni kushoto.

Mhuri ulikuwa umefungwa katika leso pamoja na kibweta cha wino, kilichokuwa zamani kopo la peremende. Nikaufungua. Wino ulikuwa umekauka nusu, na nilikuwa nimewahi kumwona akigonga karatasi za mtu mwingine: aliupumulia kwanza, kinywa wazi, haa, kama mtu anayesafisha kioo. Nikafanya hivyo. Haa.

“Piga kashe!” Mado akanyoosha mkono wake mnene. “Nipige na miye, niwe na papier, karatasi ya Leta!”

Nikampiga mkononi. Nikampiga kijana wa suruali kifuani, wa kofia kwenye paji la uso. Wakajipanga foleni, foleni ya kweli, wanasukumana, “miye nilifika wa kwanza”, na mimi napumua na kugonga, na maua ya mjakaranda wa jirani yanashuka juu yetu bila haraka, na nyimbo hazijakoma, na katika hali ile, sijui alikuwa mtu wa ngapi, niliiona kadi yangu juu ya mapaja yangu, imefunguka penye saini yenye mkia. Mkono ukaenda. Nasema mkono ukaenda, lakini mkono ulikuwa wangu. Haa. Pa. Uani wakapiga makofi.

Kisha upande mmoja makofi yakakoma.

Katika safu ya mbele alikuwa ameinuka mwanamume wa makamo, suti ya abakosti iliyopigwa pasi, kwapani daftari dogo. Alikuwa mkubwa wa kazi wa Papa Anselme, shefu wa idara, na alikuwa amekuja kuzika na kuchukua mhuri.

“Kijana,” alisema, bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. “Ile kashe ni ya Leta. Na ile karatasi ya mwisho haikuwa mukono wa muntu. Nimeona.”

“Muache, shefu,” Mado akasema. “Ni mujukulu.”

“Ile njo nataka kujua.” Akanisogelea mpaka magoti yangu yakagusa daftari lake. “Kama uko mujukulu wa kweli, sina neno. Mujukulu hashitakiwe pa kilio, yote anafanya ni muchezo. Lakini basi na kadi yako ni muchezo, uipasue. Kama hauko mujukulu, ulipiga kashe ya Leta bila ruhusa, na kitu ile iko na jina yake. Jibu. Uko nani wa marehemu?”

Swali lilelile. Nilivua miwani ili nimwone, nikamwona Mama Serafina nyuma yake, ananiangalia pua.

“Si mjukuu,” nikasema. “Mama, nisamehe. Simjui Mateo. Nilikuja kwa ajili ya mhuri. Alinisainia Jumatano, akasema nije leo.”

Nilikuwa bado nimekaa juu ya mume wake. Nikajaribu kushuka, kifungo cha koti kikanasa kwenye mshikio wa sanduku, nikabaki nimeinama, kichwa chini, nyuma juu, mbele ya ukoo mzima, nahangaika na uzi ambao mwenye uzi alikuwa ameushona imara. Sikusikia kicheko. Nilisikia tu mtu anakuja na mikono miwili ikanifungua kifungo. Ilikuwa mikono ya mjane.

“Alikuambia uje leo?” akauliza.

“Ndiyo, mama.”

“Basi ulikuja.” Akalivua koti mwilini mwangu, akalikunja mara mbili. “Lakini ulivuka ziwa kweli?”

“Nilivuka.”

“Ukirudi utauliza habari ya Mateo.”

Hapo Mado akapata pumzi yake. “Sasa shefu, koti iko ya nani? Ya Papa Anselme! Mukono wa koti njo ulipiga! Sinyatire yake ku kadi, koti yake, kashe yake, mutu wa Kigoma alikuwa ndani tu!” Wakacheka, kidogo kidogo, halafu wengi, na nadhani waliniokoa, ingawa sijui kutoka kwa nini.

Shefu hakucheka. Aliichukua kadi, akaisogeza karibu na macho, akaangalia saini, akaangalia tarehe, akaangalia mhuri ambao ulikuwa umekolea upande mmoja tu. Akafungua daftari lake. Ukurasa ulikuwa umepigwa mstari katikati, kushoto majina, kulia majina. Akaniuliza jina langu, akaandika, amelikinga daftari kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kunakiliwa. Akanirudishia kadi, akachukua mhuri na kopo lake, akarudi kukaa kwenye kiti chake mstari wa mbele. Kuku akaletwa, akapewa kijana wa suruali, na sanduku likanyanyuliwa. Mimi nilifuata nyuma kabisa, kwa miguu, mpaka makaburini, kwa sababu sikuona ni vipi ningeweza kwenda mahali pengine.

Jumamosi nilipanda lori. Mokambo, mtu wa mpakani aliiinua kadi kwenye jua, akaigeuza, akasema mhuri ni mzuri sana, umekosea njia kidogo tu, akaniruhusu. Nilikagua ng'ombe wa Mama Kahindo karibu mwaka na nusu kwa kadi ile. Kigoma niliuliza habari za Mateo, bandarini, stesheni, parokiani, nauliza bado kila likizo, na nimemwandikia Mama Serafina kila mara kwamba sijapata. Na nimeapa, mtu akiniuliza tena popote duniani mimi ni nani wa marehemu, nitasema mtu wa dosie, nitakaa nje kwenye jua na watu wa dosie wenzangu.

Shefu nilionana naye barabarani mara mbili. Mara zote mbili aliinua kofia, akasema “mujukulu”, akapita. Mara ya tatu nilikusanya ujasiri nikaenda ofisini kwake kuuliza aliniandika upande upi wa mstari, wa wenye haki au wa wenye kosa. Watu wa pale waliniambia amehama na familia yake katika vurugu za mwaka ule, hawajui alielekea wapi, na daftari alikwenda nalo.